Bi Mkaa na Chemchemi ya Dada Yake

Gari lilikuwa limeshauacha mteremko wa pili, mvua ikinyunyiza, ile isiyomlowesha mtu ila humchosha, ndipo mkalimani alipouliza mji wenyewe uko wapi.

"Uko chini yako," dereva akamjibu.

Na kweli, ukungu uliposogea kidogo, yakaonekana mabati, mengi yameshika kutu, yamefuatana bondeni kila upande wa mto mwembamba wenye rangi ya chai iliyochuja. Mkalimani hakuwahi kufika huku. Lugha ya bonde hili aliijua kwa wachuuzi wake waliohamia mbali, akala nao na kugombana nao miaka mingi, lakini kwao hakuwahi kupaona. Ndivyo maisha yake yalivyokuwa: anayajua matusi ya mahali kabla ya kuzijua njia zake. Akajikunyata kitini, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Walipofika daraja la kwanza, mama aliyekaa mbele alimgusa dereva bega. Gari likasimama. Mama akateremka, akashuka ukingoni kwa viatu vyake vya mpira, akachota maji kwa kiganja na kuyanusa. Hakuyaonja. Alisimama pale mpaka mtandio ukalowa.

Dereva akamgeukia mkalimani. "Wenzake wakiingia mji mpya huulizia hoteli," akasema. "Yeye huulizia mtaro."

Kwenye kampuni yao ya ushauri wa mazingira, madereva ndio waliomwita mama huyo Bi Mkaa, na jina likamganda hata kwa wakubwa. Kazi yake ilikuwa kufuata maji yanakokwenda yakiwa hayaonekani. Mtu akitaka kujenga kiwanda au dampo juu ya mlima, Bi Mkaa hupanda hadi kwenye ufa wa mwamba na kumimina rangi ya kijani isiyomdhuru mtu. Kisha hushuka chini na kutundika vifuko vya mkaa katika kila chemchemi. Mkaa hunasa rangi hata iwe kidogo kiasi gani, kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Ukioshwa kwa dawa ukatoa kijani, basi ya juu yamefika chini, na anayeishi chini atakunywa uchafu wa aliye juu. Vifuko hivyo alivishona mwenyewe, kwa vyandarua vikuukuu, akiwa nyumbani, akiwa safarini, hata kwenye vikao wakubwa wakihutubia. Mumewe wa zamani alikuwa akisema ameoa mshona nguo za chura. Siku moja maneno hayo yakaacha kuwa mzaha, akaondoka.

Safari hii hakukuwa na rangi wala mkaa kwenye gari. Dampo la juu ya bonde lilikuwa limeshajengwa na linajaa, na mwenye dampo alitaka kulipanua. Sheria ilidai wananchi waitwe, mtaalamu asimame awaeleze kama maji yao yako salama. Na mtaalamu huyo analipwa na nani? Na mwenye dampo, kupitia kampuni. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Kesho yake, katika ukumbi wa shule, Bi Mkaa angewaambia watu wa bonde kwamba kipimo alichokifanya kabla dampo halijajengwa kilionyesha hakuna tone linaloshuka kwenye chemchemi yao, na mkalimani angeyatia maneno hayo katika lugha yao.

Hoteli zilikuwepo, lakini hawakulala hoteli. Dada yake Bi Mkaa aliolewa mji huu, na mdogo mtu kupita mlangoni pa dada yake na kwenda kulala kwa watu ingekuwa kumtukana. Dada mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliwapokea wote wawili kama ndugu. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa, saa iliyokufa ukutani, na madumu ya maji yaliyopangwa nyuma ya mlango kwa ukubwa. Shingoni, kwenye kamba, alining'iniza ufunguo. Ulikuwa wa kibanda cha chemchemi, kwa kuwa dada ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, na jirani hawakumwita jina lingine. Mwenyekiti hivi, Mwenyekiti vile.

"Mgeni, usimwone huyu na vyeo vyake," alimwambia mkalimani wakila. "Utotoni alikuwa haogi mpaka afukuzwe na fimbo. Leo ndiye anawafundisha watu maji!"

Akasimulia jinsi mama yao alivyokuwa dobi wa shuka za hospitali, na wao wawili ndio bomba lake. Kila mmoja na dumu lake kichwani. Wakifika kilima cha mwisho, mdogo alikuwa akikaa chini na kulia, na dada hulipeleka lake juu, kisha hurudi kulichukua la pili. "Kilima nilikipanda mara mbili, yeye mara moja. Ndiyo maana akili zake hazikuchoka akasoma."

Bi Mkaa alitabasamu kidogo tu. Dada akaendelea, maana mwenye hadithi haambiwi basi. Akafikia kisa alichokipenda kuliko vyote. Katika masika ya kwanza baada ya dampo kufunguliwa, asubuhi moja, maji ya chemchemi yalitoka ya kijani, kijani kibichi kama jani lililopondwa. Watu wakakimbia na ndoo tupu. Wengine wakasema bonde limerogwa. Yeye hakukimbia, alimpigia simu mdogo wake, naye akamwambia ni ukoga tu wa kwenye mawe, mvua imeukoroga, utaisha. Basi Mwenyekiti akapita nyumba hadi nyumba kuwatuliza, akanywa kikombe kizima mbele yao. Siku ya tatu maji yakawa meupe.

"Mtu mwenye mdogo msomi hutembea kifua mbele," akamalizia, akicheka. Halafu akapunguza sauti kidogo. Siku hizi, alisema, maji yana ukakasi ulimini, na watu wanajikuna baada ya kuoga, wazee hasa. Yeye mwenyewe alijikuna mkono wakati akisema. Lakini akawa anawaambia wasubiri, mwenye kipimo anakuja.

Bi Mkaa aliinuka na kuanza kukusanya vyombo, mgeni mzima, akavipeleka jikoni kuviosha. Dada akamkemea. Hakurudi.

Mkalimani alikuwa na desturi ya kazi: hasimami mbele za watu kabla hajayasikia mapema maneno atakayoyabeba. Jua likiwa bado halijazama akamwomba mama amsomee hotuba yake. Bi Mkaa akasema twende tukatembee. Wakaishia kwenye chemchemi, kibanda cha saruji chenye mabomba mawili, foleni ya kina mama na madumu, utelezi wa tope. Akamvuta kando, kwenye jiwe ambalo maji ya ziada hupita chini yake, akaingiza mkono na kutoa kifuko cha chandarua, kimeoza, mkaa wake umekuwa uji. Alikuwa amekisahau siku alipovitoa vingine.

"Kilitakiwa kikae hapa mpaka masika yapite," akasema. "Vyote vilitakiwa vikae."

Kisha akamweleza bila kumtazama. Rangi aliimimina kiangazi. Kiangazi mwamba ni mkavu. Kinachoingia juu hulala ndani, kinangoja mvua ya kukisukuma. Kila anayefanya kazi hii anajua hilo, ni kama mpishi kujua chumvi. Huvuni mkaa, hutoi vifuko majini, kabla ya mvua. Lakini mkurugenzi alitaka ripoti, mwenye dampo amechoka kungoja, na yeye vipimo vyake havikuwa vimemdanganya hata siku moja. Akajiambia mwamba huu anaujua. Akavuna mapema, mkaa ukaoshwa ukatoa weupe, akaandika hakuna kitu. Dampo likajengwa. Masika yalipokuja, rangi yake ikatoka.

"Dada aliponipigia simu, nilijua kabla hajamaliza. Malori yalikuwa yameanza kumwaga. Nikasema ukoga." Akalifinya lile tope la mkaa mkononi. "Neno lilitoka lenyewe, mwanangu. Kama mtu anavyosema sijambo."

Mkalimani, ambaye hakuwa mtoto tena ila kwa macho ya Bi Mkaa, aliuliza kesho atasema nini. Mama akamjibu kwa swali.

"Wewe ukitafsiri uongo, unajua?"

"Mara nyingi najua. Husemwa kwa ulaini mno."

"Na unafanyaje?"

"Nasema ulichosema."

Bi Mkaa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na hana la kupunguza. Kumlinda dada alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa za kumuumiza. Akinyamaza, dada ataendelea kunywa. Akisema, watu watakumbuka ni nani aliyepita nyumba hadi nyumba na kikombe mkononi. Wakirudi nyumbani walipishana na kina mama watatu, na wote walimsalimia kwa heshima, mdogo wake Mwenyekiti.

Asubuhi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mkurugenzi alifika na gari lake, kijana nadhifu, akamwita Bi Mkaa mama na kumvutia kiti. Dada alikaa benchi la mbele na kamati yake, ufunguo juu ya kifua. Upande ule wa wananchi, ni yeye peke yake aliyejua lugha zote mbili.

Bi Mkaa alisimama. Alianza vizuri, akaeleza mwamba, rangi na mkaa, na mkalimani akamfuata sentensi kwa sentensi. Kisha akatua, akazungumza polepole, wala sauti yake haikuwa laini. Mkalimani alimwona dada akiinamisha kichwa. Alikuwa ameelewa kabla ya mji wote, na kwa muda wa pumzi moja, ukimwacha mkurugenzi, walikuwa watatu tu ndani ya ukumbi ule wenye kujua.

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwingine, ndiyo kazi. Akasema kwa lugha ya bonde:

"Mimi nilikosea. Nilivuna mkaa kabla ya mvua. Ile kijani mliyoiona ilikuwa rangi yangu niliyoimwaga kule lilipo dampo, na maana yake uchafu wa kule unafika hapa. Dada yangu aliponiuliza, nilimwambia ni ukoga. Alinisadiki. Yeye hakujua."

Watu walimtazama yeye, mkalimani, kama vile yeye ndiye aliyeyatenda. Alizoea, lakini siku ile alitamani kuwa bubu.

Sauti kutoka nyuma, ya mwanamume, ikauliza taratibu: "Mwenyekiti, kile kikombe ulikunywa ukoga?" Wachache wakacheka, kicheko kisicho na meno.

Mambo yaliyobaki yalikwenda haraka. Mkurugenzi alisema mtaalamu wake anaumwa, hakuna aliyemsikiliza. Akatoka nje na simu sikioni, gari lake likaondoka, na dereva wa lile la kwanza akaambiwa alifuate bila kumchukua mtu. Upanuzi wa dampo ukakataliwa kwa mikono iliyoinuliwa. Mtu mmoja akauliza kama sasa maji yatapona. Bi Mkaa akamjibu kwamba hata malori yakizuiwa leo, kilichozama kimeshazama, na mwamba utakitema miaka mingi. Mkalimani akatafsiri na hilo. Baada yake wakamgeukia dada. Hawakumpigia kelele. Walimwomba tu ufunguo. Akauvua shingoni, kamba ikanasa kwenye mtandio, akahangaika nayo mbele za watu wote, na hakuna aliyemsaidia.

Basi la kwenda nje ya bonde lilipita mchana. Bi Mkaa alisimama kituoni na mkoba wake, mvua ileile ikinyunyiza. Mkalimani alimsindikiza tu. Kamati mpya ilimwomba abaki mpaka awasomee ripoti nzima ya zamani kwa lugha yao, nao waipeleke mahakamani. Ndipo dada alipotokea, na dumu tupu mkono mmoja na chupa mkono wa pili.

Hakumsalimia. "Madumu yako nimekubebea tangu utotoni," akasema. "Ungeniambia, na hili tungelibeba wawili."

"Dada…"

"Maji ya njiani." Akampa chupa. "Sina mengine."

Bi Mkaa aliipokea kwa mikono miwili. Akaifungua, na yule ambaye mkalimani hakuwahi kumwona akionja maji asiyoyapima, akainua chupa na kunywa. Dada akageuka kabla hajamaliza.

Basi likaja, likamchukua. Dirishani alionekana akiwa ameipakata chupa, hakupunga mkono. Dada alikuwa ameshafika kwenye foleni ya chemchemi. Zamani angefungua kibanda na kuchota wa kwanza. Sasa alisimama mwisho, na aliyekuwa mbele yake akasogea hatua moja ili wasigusane. Mkalimani akaenda akasimama nyuma yake, akamwomba dumu amshikie. Dada alilikamata kwa nguvu zaidi.

"Acha," akasema. "Bado tupu hili."