Bisi za Samli ya Buni

Jirani wa Qali hukaanga bisi kila alasiri, mikono ikimng'aa samli. Huanza na buni. Samli ikishanukia kahawa, humimina humo mahindi na iliki, akafunika. Wapishi wengine huchungulia, yeye hutega sikio. Siku moja, vita vya waasi walioitwa shifta vikiwa vimepamba moto Garissa, askari wa msako aliingia uani, na papo hapo mahindi yakaanza kulipuka sufuriani kama risasi. "Funua!" akafoka, bunduki mbele. Qali, aliyekuja kungoja bisi, alijibana ukutani. Jirani hakuinua hata macho. "Ngoja. Zimebaki punje tatu." Ta. Ta. Kimya kikawa kirefu, bunduki haikushuka. Ta. "Bismillahi," jirani akasema, akafunua. "Sasa tundika hiyo begani, ukinge mikono miwili." Askari akakinga, mpole kama mkwe mgeni.