Mluzi wa Marehemu Babu

Nilipokuwa mtoto nilijifunza kupiga mluzi mtoni, kwa sababu mto ulikuwa na kelele. Nilikuwa na miaka tisa. Nikitumwa maji nilitua ndoo juu ya jiwe, nikatia vidole viwili mdomoni kama nilivyomwona babu akifanya, nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Kwa wiki nyingi palitoka upepo na mate tu. Siku moja ukatoka mluzi wenyewe, mwembamba na mkali, nami nikashtuka na kugeuka nyuma kuangalia ni nani aliyepiga. Hapakuwa na mtu. Nikacheka peke yangu, nikajitwisha ndoo, nikapanda mlima na siri yangu.

Kwetu ni Uluguru, kule juu ambako nyumba yako iko mgongo huu wa mlima na jirani yako yuko mgongo wa pili. Unamwona akianika nguo, lakini kumfikia ni nusu saa ya kushuka na kupanda. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Wanaume waliitana kwa mluzi, na kila nyumba ilikuwa na wake. Wa nyumba yetu ulikuwa wa babu: mmoja mrefu, miwili mifupi, halafu mrefu tena unaopanda mwishoni. Ukisikika, mjomba Ramadhani, kaka yake mama, aliacha jembe palepale na kuja. Wanawake tulikuwa na vigelegele, na vigelegele ni vya harusi na vya watoto waliozaliwa. Mwanamke mwenye shida alipaza sauti, na kule kwetu sauti ya mtu haivuki migomba.

Mama alikuwa mjini Morogoro, akifanya kazi kiwandani, kwa hiyo nililelewa na bibi na babu. Babu aliniita "mke wangu," kama mababu wanavyofanya, na bibi akaniita "mke mwenzangu." Nikichelewa kuamka alisema mke mdogo amedekezwa mno na mume. Bibi alikuwa na utani wa kila kitu isipokuwa jambo moja. Asubuhi moja nafagia uwanja, midomo ikajikusanya yenyewe na kutoa sauti kidogo tu, akanipiga kibao cha mdomo, chepesi, cha kunionya.

"Mwanamke akipiga mluzi anaita nyoka," alisema. "Anamleta mpaka ndani."

"Mbona Salumu anapiga kutwa nzima?" Salumu alikuwa mtoto wa mjomba, rika langu.

"Nyoka anaijua sauti ya mwanamume."

"Anaijuaje, bibi?"

"Zoa takataka."

Nikazoa. Lakini sikuacha kwenda mtoni.

Masika ya mwaka huo babu akafariki. Mjomba alikuwa na mluzi wake wa nyumba yake, kwa hiyo wa kwetu haukuwa na mtu tena. Watu wazima walilia kwa siku zao zilizopangwa, wakasoma hitima, wakarudi mashambani. Mimi sikujua pa kupeleka kilio changu. Nilikuwa nikifika mtoni natia vidole mdomoni na kupiga mluzi wa babu: mmoja mrefu, miwili mifupi, mrefu unaopanda. Hapo nilikuwa naye kwa muda, halafu ndoo ilijaa nami nilipaswa kurudi.

Arobaini ilikuwa imeshapita tulipokwenda, bibi na mimi, kukata ndizi shamba la mbali. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka huoni mikono yako vizuri, na njia imeteleza kwa mvua ya jana. Bibi alikuwa mbele na mkungu kichwani. Sikumwona akianguka. Nilisikia tu kitu kizito kikivunja vichaka kuelekea korongoni, kisha nikamsikia akiita jina langu kutoka chini kabisa.

"Mwajuma! Usishuke! Mguu umevunjika. Kamwite mjomba wako."

Mjomba alikuwa ng'ambo, mgongo wa pili, na mimi katika ukungu ule sikujua hata njia ilipo. Nikapaza sauti. Nilimwita mjomba mpaka koo likakwaruza, nikapiga mayowe, na sikujibiwa na mtu. Nikamwita bibi. Aliitika mara ya kwanza, ya pili akaguna, na ya tatu hakuitika.

Nilisimama pale, nikafikiri kwa akili ya miaka tisa. Nyoka akija, watu watamuua. Bibi akifa, mimi sina mtu. Nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi wa nyumba yetu, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka nikahisi kizunguzungu. Kisha nikasikiliza. Kutoka mbali sana, ndani ya ukungu, mjomba akajibu.

Walikuja wanaume watano wakikimbia, matope mpaka magotini. Walikata miti wakatengeneza machela, wakashuka, wakampandisha bibi akiwa amezinduka, uso umejaa udongo. Mjomba hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa anatazama huku na huku kwenye ukungu, na midomo inamcheza.

"Nani amepiga?" aliuliza. "Jamani, nimemsikia baba."

Nikafumbua mdomo. Bibi alikuwa ananitazama kutoka kwenye machela, na kabla sijatoa neno akasema, "Ni mzee. Hata mimi nimemsikia."

Nikafumba mdomo. Wale wanaume wakaanza kusoma dua kwa sauti za chini. Nilikuwa nimesimama katikati yao, vidole bado vimelowa mate, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Palikuwa na mtu mmoja tu pale aliyekuwa hai, mwenye mdomo, aliyekuwapo bibi alipoanguka. Lakini ilikuwa rahisi zaidi kwao kuamini kwamba aliyepiga ni maiti wa kiume kuliko kufikiri kwamba amepiga mtoto wa kike.

Lisemwalo lipo, wanasema wahenga, na siku ya tatu nyoka akaja. Alikutwa jikoni, amejikunja karibu na mafiga, mweusi, wala hakuwa mkubwa. Wanawake waliokuja kumjulia hali bibi wakakimbilia nje. Kijana mmoja akashika mpini wa jembe, mjomba akamzuia.

"Msimguse! Huyo ni mzee, amekuja kumwona mke wake."

Wakamnyunyizia unga, wakaacha mlango wazi, na baada ya muda nyoka akajiondokea. Watu walifurahi, wengine wakatokwa na machozi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mzigo wa kuni. Kwao nyoka alikuwa babu. Mimi nilijua ni nyoka wangu, nimemwita mwenyewe, na amefika mpaka ndani kama bibi alivyosema. Mguu wa bibi ulipounga vibaya, akawa mtu wa mkongojo, nilijua na huo nimeuvunja mimi. Sikujua kwamba mambo mengine hutangulia na mengine hufuata. Mtoto akishajua ana hatia, haangalii nini kilianza.

Ukoo wa bibi ukafanya sadaka palepale korongoni kumshukuru marehemu. Wakachinja mbuzi, wakapika wali, wanaume wakakaa kwenye majamvi. Mimi nilipewa kazi ya birika. Nilipita nikinawisha mikono ya watu waliokuwa wamekuja kunishukuru bila kujua, na kila mmoja aliponyoosha mikono alikuwa anazungumza na mwenzake juu ya kichwa changu. Halafu mjomba akasema si vyema mluzi wa mzee upotee, akamwagiza Salumu ajifunze. Salumu akajaribu mbele ya watu. Ule mwisho unaopanda ulimshinda, na unamshinda mpaka leo. Watu walimpigia makofi, na mimi nikaenda kujaza birika.

Sikupiga tena. Hata mtoni sikupiga. Nilichota maji nikarudi, na bibi akanisifu kwamba siku hizi sikawii. Bibi hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia, na tukalala chumba kimoja miaka yote ile, kila mmoja na lake. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa usiku nikisikia anavyogeuza ule mguu kwa mikono miwili ili alale ubavu.

Nimekua. Nilisoma, nikapata kazi katika ofisi moja mjini, ninaishi Kilakala katika nyumba ya vyumba viwili. Wapo watu wanaodhani habari kama hizi ni za milimani na za zamani. Waje kwenye vikao vyetu. Nimewahi kusema jambo kikaoni, watu wakaangalia karatasi zao, na baada ya dakika kumi bwana mmoja akalisema lilelile na sauti nzito, mwenyekiti akampongeza. Wenzangu wa kike wakinitazama huwa nacheka. Wao hawajui ninachokicheka. Nafikiri moyoni: angalau huyu bwana yuko hai.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipoanza, nilipanda kwenda kumwona bibi. Siku hizi bodaboda inafika mpaka mlangoni, na mjomba, naye ameshakuwa mzee, anaitwa kwa simu. Nilimkuta bibi barazani juu ya jamvi, anachambua maharage kwa vidole kwa sababu macho hayaoni vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja peke yako tena?"

"Peke yangu."

Mjomba alikuwa na mgeni, mwalimu mpya wa shule, na alikuwa anamsimulia habari ya mluzi. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba najua anapomeza mate. Alipofika kwenye nyoka mwalimu alisema "Subhanallah," wakaondoka pamoja kwenda kuonyeshwa korongo. Nikakaa kumsaidia bibi maharage.

Tulichambua ungo wa kwanza. Kisha akagusa jino lake la mbele, mojawapo ya machache yaliyobaki.

"Babu yako alikuwa na pengo hapa," alisema. "Mluzi wake ulikuwa unavuja upepo. Ule wa siku ile haukuvuja."

Maharage yakaniponyoka. "Ulijua?"

"Nimelala na yule mtu miaka arobaini, nisiujue mluzi wake?"

"Sasa mbona hukusema, bibi?"

"Ningesema, nani angekuoa? Binti anayeita nyoka."

"Sijaolewa, bibi."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Kisha akaanza kucheka, polepole, mpaka mabega yakatikisika. "Kweli," alisema. "Tumekosa mwana na maji ya moto."

Mimi sikucheka. Nilikasirika, na nilimkasirikia yeye, bibi yangu niliyempenda kuliko mtu yeyote. Nikamuuliza lile swali ambalo lilikuwa limekaa nami tangu nyuma ya zile kuni. Niliuliza kwa sauti ya kitoto, mwenyewe nikaisikia.

"Na yule nyoka? Alikuwa wangu?"

"Nyoka?" Alishangaa kweli. "Mvua ilikuwa inanyesha, mwanangu. Nyoka alikuja kuota moto."

"Na mguu?"

"Mguu ulivunjika kabla hujapiga. Wewe ndiye uliyenitoa." Akapapasa mpaka akapata mkono wangu. "Ulikuwa unadhani ni wewe? Miaka yote hii?"

Nililia pale barazani kama mtoto, mwanamke mzima mwenye mvi, na bibi akanipigapiga mkono. Nadhani na yeye alikuwa anahesabu miaka. Alikuwa amenifunika ili nisiumizwe na watu, na humo ndani alimonifunika sikuwa na mtu hata mmoja, yeye mwenyewe akiwa kitanda cha pili.

"Haya," alisema mwishoni. "Mjomba wako yuko mbali. Piga nisikie."

"Bibi!"

"Piga. Nyoka akija tutamkaribisha."

Nikatazama huku na huku, kama siku ile mtoni. Nikatia vidole mdomoni nikapuliza. Ukatoka upepo. Nikalowesha midomo, nikapuliza tena, ukatoka upepo na mate, na ndani yake uzi mwembamba wa mluzi unaovuja kila upande. Nilijaribu ule mwisho unaopanda, ukakatika njiani.

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini, macho yamejaa maji na kicheko kinamtoka.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Huyo sasa ndiye mume wetu."

Nimekuwa nikijiuliza kama nimsamehe, na nimeona kwamba nimeshamsamehe. Alikuwa na mjukuu mmoja wa kike na kijiji kizima cha midomo, akachagua alichojua. Ninachoshindwa kusamehe ni jinsi uongo ule ulivyokuwa rahisi. Hakuhitaji kubuni chochote. Alisema "ni mzee," na wanaume watano wakamalizia wenyewe.

Siku hizi nafanya mazoezi bafuni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, bomba likiwa wazi, maji yakipiga kelele kwenye ndoo. Mwanzoni ulitoka upepo. Wiki iliyopita ule mwisho ulipanda. Nyumba yetu ina ukuta mwembamba na majirani wa pande zote mbili, watu wazuri, wenye mabinti. Juzi nilifunga bomba kwanza, ndipo nikapiga.