Figo Zilizonona

Baba alirudi kutoka kliniki ya kisukari na furaha ambayo sikuielewa. Alitundika koti la mvua kwenye msumari wa jikoni, akaketi, akamwomba Mama amtilie mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwenye kikombe kikubwa. Kisha akatutangazia matokeo ya picha ya tumbo.

"Daktari amesema figo zangu ni kubwa kuliko za watu wengine," alisema. "Na umri huu wangu."

Kwetu Boito hiyo ni sifa. Ndama mkubwa ni ndama mzuri, na mtu akirudi kutoka Nairobi amenenepa tunamshukuru Mungu kwa niaba yake. Haikupita wiki kabla ya habari za figo za Baba kufika kituo cha kununulia chai, naye mwenyewe ndiye aliyezipeleka.

Mimi hufundisha biolojia katika shule ya upili upande wa Sosiot, na huja nyumbani wikendi. Wikendi iliyofuata Mama alinivuta kando ya zizi.

"Ameacha zile tembe za presha alizopewa kliniki zilinde figo," aliniambia. "Anasema dawa ya figo ni ya wenye figo mbaya. Na miguu yake imevimba, nimepasua gambuti zake za mpira kwa kisu ndiyo miguu iingie. Nikimwambia, anasema amenona."

Tangu hapo sikuweza kuketi. Nilitoka mlangoni hadi zizini, nikaenda hadi kwenye shamba letu la chai, nikarudi, mpaka Mama akasema nitachimba mtaro uani.

Nilichokuwa naogopa si kigumu kueleza. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa muda mrefu, seli za figo huanza kutoa kemikali za kupasha ujumbe, ziitwazo vichochezi vya ukuaji. Sisi sote tunavihitaji. Ukijikata kidole kwa panga, ndivyo vinavyoliita jeraha lifunge. Ujumbe wake ni mfupi: kua, jenga, ziba. Jeraha likifunga, ujumbe hunyamaza. Kwenye kisukari haunyamazi. Kwanza figo hukua na kuchuja damu kwa pupa, na mtu anaweza hata kudhani zina nguvu kuliko zamani. Kisha vichujio vyake vidogo huanza kuvujisha protini, mkojo ukaweka povu, miguu ikavimba. Ule ujenzi usiokoma hugeuka kovu, na kovu halichuji chochote. Tembe alizoacha Baba hupunguza msukumo wa damu ndani ya vichujio, na hutuliza sehemu ya ujumbe huo. Kwa hiyo kila asubuhi aliyoziruka, mimi nilisikia ujenzi ukiendelea.

Nilijaribu kumweleza kwa kuchora. Akasifu mchoro. Ndipo nikajaribu chai.

"Baba, ukiweka mbolea kwenye chai na usiikate, inakuwa nini?"

"Mti."

"Na mti unachumwa?"

"Mimi si chai," alisema, akachukua ndoo akaenda kukama.

Nilijua nimegusa kidonda. Shamba letu la juu halikuwa limepogolewa kwa miaka. Chai ikipogolewa inabaki vijiti, na unakaa miezi bila kuchuma jani hapo. Baba hakuweza kuvumilia kuona vijiti. Alikuwa akiitilia mbolea na kuiacha ipande, na ukimuuliza, angesema hiyo ni afya.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza kituoni na gunia la majani. Jirani yetu, aliyekuja zamani kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, alikuwa ameegemea mlango.

"Jaduong', mzee wangu, zile figo kubwa zinaendeleaje?"

"Ziko imara."

"Kama chai yako ya juu. Imekuwa kubwa mpaka siku hizi inachumwa na ndege."

"Ndege wa kwetu wanajua kuchuma kuliko wewe," Baba alijibu, na watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Halafu nikamwona akiangalia chini, kwenye gambuti zake zilizopasuliwa.

Wakati wa kurudi alitangulia. Nilitembea nyuma yake maneno yakiniwasha mdomoni, nikajizuia. Alipofika shamba la juu alisimama. Akashika tawi akalivuta mpaka kifuani. Kileleni kulikuwa na majani machache, magumu. Chini yake palikuwa na giza na shina nene.

"Huku ndani ni mbao tu," alisema.

Alilikwaruza shina kwa ukucha.

"Hiyo ya figo. Ikishakuwa mbao, inarudi?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. "Iliyokwisha kuwa mbao hairudi, Baba. Ile ambayo bado, tunaweza kuilinda."

"Na yangu imefika wapi?"

"Sijui. Warudie kupima mkojo na damu ndiyo tujue. Lakini daktari alikupa tembe kwa sababu bado kuna cha kulinda."

Aliachilia tawi, likaruka juu likiturushia matone ya mvua. "Basi mwambie mama yako anitafutie panga la kukatia," alisema. "Na hizo tembe."

Mama alikuwa amezihifadhi kwenye kikombe, nyuma ya majani ya chai. Baba alimeza akiwa amesimama, kama mtu anayechelewa mahali. Jumatatu akaanza kukata chai ya juu, mstari kwa mstari, akipumzika kila mara.

Siku hizi hunipigia simu asubuhi, mimi nikiwa kwenye chumba cha walimu. Hasalimii.

"Nimemeza," anasema. "Huku juu bado ni vijiti."

"Vitachipuka, Baba. Na kliniki?"

"Alhamisi. Utakuja?"

"Nitakuja."

Anakata simu. Walimu wenzangu huniuliza kwa nini siketi.