Mbao za Mama

Mpasua magogo mmoja watu walimwita Vumbi, na jina lilimfaa. Kila aliporudi kazini alikuwa na unga wa mbao mpaka kwenye kope, na mkewe alikuwa amempiga marufuku kukalia kochi kabla hajajikung'uta uani kama mkeka. Jirani akikutana naye njiani alipiga chafya kwanza, salamu baadaye. Vumbi alicheka nao wote. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha mwepesi, na labda ndiyo sababu uongo wake ulipoanza haukumpa taabu hata kidogo.

Mama yake alikuwa amelala chumba cha uani, mgonjwa wa tumbo. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, wakasema akae karibu na watu wake. Muuguzi aliyekuja kumtazama alimwachia dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Mama aliionja siku moja akalala kama gogo tangu asubuhi mpaka jua likazama. Alipoamka akaisogeza chupa mbali, akamwita mwanawe.

"Baba yenu mlimzika kwenye mbao mbichi," alimwambia. "Wabebaji waliliweka jeneza chini njiani kwa uzito, watu wakacheka, eti mzee hataki kwenda. Mimi sitaki kuchekwa. Nipasulie mbao zangu, ziache zikauke. Zikikauka uniambie, ndipo nitakunywa hiyo dawa nilale. Kabla ya hapo sitaigusa."

Vumbi alijaribu kuligeuza mzaha. Mama hakucheka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti ulioangushwa na upepo, mnene, ambao haujaoza. Vumbi alifunga msumeno wa mashine kwenye fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, akatia mnyororo aliounoa kwa ajili ya kupasua, si wa kukata vipande. Juu ya gogo akalaza ngazi iliyonyooka iwe njia ya fremu, maana gogo halina upande ulionyooka, na mkato wa kwanza ukienda upogo basi mbao zote zitakuwa upogo. Akasukuma polepole, mgongo umepinda, moshi puani. Nyuma yake mkewe aligongea kabari ndani ya mkato ili ubao usiukalie msumeno na kuubana. Kazi hiyo mama aliisikiliza yote dirishani.

Ila mbao alizipasua nene. Mkewe alimuuliza kama anatengeneza jeneza au daraja. Akajibu kwamba mama yake hatalala kwenye mbao za kubanduka kama maganda. Hapo ndipo mapenzi ya mtoto yalipomponza fundi. Kwa mteja asingefanya hivyo hata siku moja, kwa sababu anajua vizuri kwamba ubao mnene huchelewa sana kukauka. Kwa mama yake aliona heshima ni unene, na kama moyoni alikuwa na sababu nyingine, hakuichungulia.

Wakazibeba wawili, ubao mmoja mmoja, huku wakiyumba, wakazipanga chini ya bati na vijiti katikati ili upepo upite, wakapaka ncha zake rangi iliyobaki ya milango zisipasuke. Tangu siku hiyo mama akawa na swali moja kila asubuhi.

"Zimekauka, baba?"

"Bado, mama."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Mvua zilipita, jua kali likaja, na asubuhi moja Vumbi akaubeba ubao wa juu akashangaa jinsi ulivyopanda mikononi kwa wepesi. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia. Akaingia ndani kwenda kusema. Lakini siku hiyo mama alikuwa amechangamka, akamsimulia jinsi baba yake Vumbi alivyomposa akiwa na unga wa mbao masikioni, na wakacheka pamoja mpaka mama akashika tumbo. Swali lilipokuja, Vumbi akasema bado. Kesho yake akasema tena bado.

Tusimwonee, alimpenda mama yake. Lakini tusimtetee pia. Alikuwa akiyaona mateso yake. Maumivu yalipopanda, mama aliuma kanga asipige kelele, na jasho lilimtoka mpaka godoro likalowa. Vumbi alijitia hamnazo, akatoka kwenda kunoa mnyororo uliokwisha nolewa. Yakishuka, alirudi kwenye kiti chake kando ya kitanda kupiga soga.

Aliyemshika ni mkewe, na wala hakuwa akimtafuta. Alikwenda kufagia karibu na bati, akakuta kuku ametaga katikati ya mbao, naye akaunyanyua ubao peke yake. Akasimama nao mikononi, ubao ambao walikuwa wameubeba wawili kwa taabu. Akaurudisha mahali pake, akaja hadi alipokuwa mumewe.

"Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani," alisema. "Mimi ndiye ninayezifua hizo kanga, zimetoboka kwa meno. Wewe unamweka macho kwa ajili ya hadithi. Nenda kamwambie, au nitamwambia mimi."

Vumbi alijikung'uta, ingawa siku hiyo hakuwa amepasua chochote, akaingia.

Mama alikuwa ameelekea ukutani, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Mwanawe akakaa kwenye kile kiti.

"Mama, mbao zimekauka."

"Leo?"

Angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha.

"Zimekauka zamani. Nilikuficha."

Mama aligeuka polepole, akashika ukingo wa kitanda mpaka alipomaliza kugeuka. Akamuuliza kwa nini. Vumbi akamwambia kweli yote: kwamba akinywa ile dawa atalala, na akilala hataongea naye tena, naye hakuwa tayari. Alisema huku akilia, makamasi yanamtoka, mtu mzima mwenye ndevu.

"Ungeniambia hivyo hivyo," mama akasema. "Ungesema, mama, kaa na mimi kidogo. Ningekaa. Ningeuma hiyo kanga nikijua naiuma kwa ajili ya mwanangu." Maumivu yakapita usoni mwake, akaendelea. "Mimi nilikuwa nangojea mbao. Nimeumwa bure, baba."

Vumbi akaichukua chupa, akamimina dawa kwenye kijiko, na mama akafungua mdomo.