Mkufu wa Susu Ulivyopata Mwenzake

Haiya, we ulishaona watu wakitafuta familia kwa mkufu? Si kwa simu, si kwa chifu. Kwa mkufu wa shaba!

Enzi zetu pale Makongeni, miaka ya sabini, tulicheza kati na bano mpaka magoti inakuwa nyeupe na vumbi. Andazi moja watoto wanne, unauma unapitisha. Lakini Jumamosi mimi nilitoroka mchezo nikamfuata susu, mama ya mama yangu, akitafuta watu wake.

Huo mkufu wa shingoni ulisukwa na babu yake, fundi wa Ukambani, kabla hata reli haijafika. Njaa ilipozidi, mzee akapeana binti yake mmoja, Kaluki, kwa watu wa msafara, ndio asife. Akakata mkufu katikati: nusu ya huyo, nusu ya dada yake aliyebaki, mama ya susu. Akawaambia, "Hii shaba itawajuanisha."

Basi susu akiona mama yeyote amevaa shaba, anamsimamisha. Mimi aibu! Mama yangu alikuwa anamgombeza, "Utapigwa na watu!"

"Wacha nipigwe. Nikizikwa na hii, wale watajuana na nani?"

Siku moja huko Majengo tukakuta nyanya mmoja wa leso anakaanga mahamri mlangoni. Kwa mkono, mkufu! Susu akavua nusu yake akailaza kando ya ile. Weh! Vipete vyote vimelalia upande mmoja, mkono wa fundi mmoja, na pale palikatwa pakaingiana kabisa.

"Hii ulitoa wapi, dada?"

"Ya marehemu mama. Alikataa kuuza hata tukilala njaa."

"Mama yako ni Kaluki?"

"Sisi tulimjua kama Zuhura." Halafu akashika mdomo. "Lakini akishikwa na homa, alikuwa anajiita Kaluki."

Susu akakaa chini, puu! Wakashikana wakilia na kucheka, mahamri inaungua, na nani alikula zile nyeusi? Ni mimi! Mpaka leo sijala tamu kama hizo.

Siku hizi simu imejaa marafiki, na binamu akipita mlangoni watoto wanauliza, "Huyo ni nani?" Lakini juzi nikimhadithia mjukuu wangu Mwende, na vile mimba yake imekuwa kubwa, alizima simu mwenyewe.

"Shosho," akaniambia, "huyu akitoka msichana, ni Kaluki. Akitoka kijana, nitazaa tena."