Gitaa Lenye Kovu la Pasi

"Si lako," Bi Vifungo alisema kwa mara ya saba, pini mdomoni wala hazitikisiki. "Magitaa mekundu yamejaa duniani kama kuku weupe."

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amelilaza juu ya meza ya kukatia nguo, akilifuta kwa kipande cha bitana kama anayeogesha kichanga. Gitaa la umeme, rangi imebanduka, nyuzi zimebaki tatu kati ya sita. Alilikuta asubuhi kwa muuza mitumba, akaruhusiwa kwenda nalo nyumbani kulitazama mpaka saa sita. Baada ya hapo muuzaji angelifuata, maana yuko mwalimu wa kwaya analililia.

La kwake aliliuza miaka ishirini na mitano nyuma, bendi yake ilipovunjika. Na lile gitaa, jamani, likilia, kuku wa mtaa wa pili walitaga mayai yasiyo na ganda. Waliobisha wote wameshafariki, kwa hiyo tuamini. Bi Vifungo enzi hizo alisimama mbele kabisa, pale spika inapotikisa meno, na moyo wake uliolewa palepale, kabla hata hajaposwa.

Fundi akaligeuza. Mgongoni palikuwa na alama nyeusi ya pasi.

"Na kovu hili, nalo limejaa duniani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Fundi siku zote aliamini kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesahau pasi ya makaa juu ya gitaa, akinyoosha sare za bendi. Bendi ilipovunjika akasema chombo kilichoungua kina nuksi, akakiuza, na hajapiga tena. Kumbe pasi aliiweka Bi Vifungo, kwa mkono wake, siku mumewe alipotunga wimbo wenye jina la mwimbaji wao wa kike. Robo karne amelimeza neno hilo na bado lilikuwa kooni. Gitaa likirudi kwa muuzaji, siri inarudi nalo. Likibaki, kovu litamtazama kila siku.

Fundi akaanza kupiga. Dole gumba likaingia kwenye kishimo cha shingo ya gitaa kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Bila waya wala spika, nyuzi tatu tu, taratibu. Mguu wa Bi Vifungo, msaliti yule, ukaanza kucheza juu ya kanyagio la cherehani. Aliposhtuka alikuwa ameshona mkono wa shati la mteja ukazibika kabisa.

Akatema pini.

"Mzee, hukusahau pasi. Ni mimi, kwa ule wimbo wa mwimbaji wenu. Nilibonyeza nikahesabu mpaka tatu."

Fundi akapitisha kidole juu ya kovu.

"Mpaka tatu tu?"

"Ya nne nililihurumia."

Bega la fundi likaanza kutikisika, na haikuwa kwa kulia. Bi Vifungo akainuka, akachimba chini ya mkebe wa vifungo, akatoa mkanda wa gitaa alioushona mwenyewe zamani, ule aliosema umeliwa na panya.

"Na panya nao wanaomba radhi," alisema, akimvisha begani.

"Ila yule mwimbaji," fundi alianza, "ujue, jina lile wala halikuwa la..."

Mlango ukasukumwa. Muuza mitumba akaingia na mfuko mtupu wa kubebea gitaa, akawatazama, akaukunja, akautia kwapani.