Unga Mweusi wa Domitille

Domitille alifundisha kemia katika chuo kimoja cha Bunia, na kwa miaka minne alitafuta unga wa kutengenezea batri za kuchajiwa. Alitaka oksidi ya manganezi yenye chembe ndogo mno, hata elfu kumi zikipangwa zisizidi unene wa ukucha, kwani chembe zikiwa hivyo chaji huingia na kutoka upesi. Permanganate, dawa ya kuoshea vidonda yenye manganezi ndani yake, aliipata kwenye duka la dawa, akaipika na sukari. Kilichomshinda ni kukausha. Unga ulihitaji joto la saa nane mfululizo, na umeme wa chuo haukuwahi kumaliza hata saa tatu.

Mwishowe alimwendea Assani, muoka mikate wa mtaa wa Mudzipela mwenye tanuri la kuni.

"Isiguse mikate yangu," Assani alisema, basi.

Unga ukatoka laini. Kuona chembe zake kulihitaji hadubini ambayo Bunia haikuwa nayo, kwa hiyo Domitille akautia unga kwenye chupa, akapanda gari la Aru ili avuke mpaka, akaitafute Uganda. Kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari alifungua chupa.

"Hii ni baruti, mama."

"Ni unga ya batri, chef."

"Iko nyeusi."

"Makala ya kupikia pia iko nyeusi. Washa kiberiti basi, uone kama italipuka."

Askari akarudi nyuma hatua mbili. Vita vilikuwa vimetulia bila kuisha, na maneno kama hayo hayakuwa ya kusema barabarani. Chupa ikashikwa.

Siku tisa Domitille alikwenda ofisini kwao. Mara mkubwa yuko kwenye mkutano. Mara barua haina muhuri. Mara muhuri si wa rangi inayotakiwa. Aliwaeleza wanaume wanne jinsi batri inavyofanya kazi, na wote wanne walimuuliza bwana yake anafanya kazi gani. Aliporudishiwa chupa, ilikuwa imejaa maji yenye udongo.

"Tulitia maji isilipuke," karani alisema. "Siye tunatafuta usalama tu."

Domitille akayamwaga chooni, akaanza upya. Safari ya pili alibeba barua yenye mihuri sita, akapita. Picha za hadubini zikaonyesha chembe nyembamba kama sindano, vile vile alivyotaka.

Batri yake ya kwanza ilichajiwa mara thelathini na moja, ikafa. Dada yake Léonie alikuja kumpongeza na kuku mkononi.

"Pongezi ya nini?" Domitille alimuuliza. "Mtu akiichaji kila siku, inakufa kwa mwezi mmoja tu. Weka kuku pale, unisaidie kuosha hizi chupa."